Julius Nyerere, Chama na Pwani ya Kusini: Kutoka Ushawishi hadi Amri

1.0 Utangulizi

Maisha ya Julius Kambarage Nyerere (1922–1999) yameelezwa mara nyingi kwa kutazamwa kutoka Butiama alikozaliwa, au kutoka Dar es Salaam alikotawala. Makala haya yanayatazama kutoka pwani ya Kilwa na Lindi. Huko chama alichokiasisi kilikutana na mojawapo ya kumbukumbu nzito za utawala wa kigeni, na huko kilidhihirisha uwezo wake wa kuibadili jamii, kwa faida na kwa hasara. Hoja yetu ni kwamba TANU ilijijengea uhalali kwa kushawishi, na kwamba sehemu ya uhalali huo ilimomonyoka chama kilipoanza kuamrisha.

2.0 Mwalimu na Kuinuka kwa TANU

Nyerere alisoma Makerere kati ya 1943 na 1945, akafundisha Tabora, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh na kurejea mwaka 1952. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU. Mwaka uliofuata aliacha ualimu katika shule ya Pugu ili akitumikie chama.

Kwa watu wa kusini, kuipinga serikali halikuwa jambo jepesi. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, baada ya wakulima kuchoshwa na kulimishwa pamba katika mashamba ya pamoja kwa amri ya Wajerumani. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Wakati TANU inaundwa, baadhi ya walioyashuhudia hayo walikuwa bado hai. Nyerere alisisitiza njia ya amani, lakini hakuwakana wapiganaji wa 1905. Alipohutubia Umoja wa Mataifa mwaka 1956, aliitaja vita hiyo kuwa ushahidi kwamba wananchi hawakuridhia kutawaliwa. Kwa namna hiyo, vita vilivyoshindwa vilifanywa kuwa mwanzo wa harakati za taifa, na lugha ya pwani, Kiswahili, ikawa ndiyo lugha ya kuyaeleza hayo nchi nzima.

3.0 Chama Kuiunda Upya Jamii

Uhuru ulipatikana Desemba 1961. Mwezi uliofuata Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akiimarishe chama, na Desemba 1962 akawa Rais. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa. Mwaka 1965 Katiba ya Muda ilikifanya chama kuwa kimoja kwa Tanzania Bara. Kupitia mabalozi wa nyumba kumi, chama kiliingia hadi mlangoni mwa kila kaya.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Nyerere alitoa andiko lake kuhusu ujamaa vijijini. Humo alishikilia kwamba vijiji viundwe kwa hiari. Hata hivyo, mwaka 1969 TANU ilikivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho wanavijiji wake walikuwa wamejiunga na kujiendesha wenyewe. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba wote wawe wamehamia ifikapo mwisho wa 1976.

Katika Mkoa wa Mtwara, ambao hadi 1971 ulijumuisha Lindi, uhamishaji ulikuwa umekwisha kuanza mapema, kwa sababu pia za usalama: vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea ng'ambo ya Ruvuma, na FRELIMO ilikuwa na kambi Nachingwea. Vijiji vilileta shule na zahanati karibu na watu. Lakini mkorosho hauhamishiki. Wakulima wengi walijikuta wakiishi mbali na miti yao, na mashamba yakaota vichaka. Mavuno ya korosho nchini yalifikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa yameshuka chini ya tani 40,000. Bei duni na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia, lakini uhamishaji haukwepeki katika orodha ya sababu.

4.0 Hitimisho

Itakuwa kosa kuufananisha utawala wa Nyerere na ule wa Wajerumani. Mmoja ulichuma kwa ajili ya ng'ambo. Mwingine ulikusudia usawa wa wananchi. Hata hivyo, mkulima wa Kilwa aliyeambiwa mahali pa kuishi na namna ya kulima aliijua sauti ya amri, hata kama aliyeitoa alikuwa mwenziwe. Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990, kisha akaunga mkono mfumo wa vyama vingi ulioanza 1992. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Katika uchaguzi wa 2010, Lindi Mjini na Kilwa Kusini zilichagua wabunge wa CUF. Matokeo hayo yana sababu nyingi, lakini yanamkumbusha mtafiti kwamba chama kinaweza kuibadili jamii bila kuimiliki. Mwalimu mwenyewe aliliandika hilo mwaka 1967; kulitekeleza ndiko kulikomshinda.