Faxian mbele ya Jino la Buddha: maisha ya mtawa aliyefuata vitabu

Mjini Kandy, katika milima ya Sri Lanka, kuna hekalu ambamo linatunzwa jino moja. Waumini wa dini ya Buddha wanaamini kwamba ni jino la Buddha mwenyewe, na kila mwaka hufanyika maandamano makubwa ya tembo na ngoma kwa heshima yake. Kabla halijafika Kandy, jino hilo lilikaa kwa karne nyingi Anuradhapura, mji mkuu wa zamani wa kisiwa hicho. Huko ndiko lilikoonwa, miaka ipatayo 1600 iliyopita, na mzee mmaja kutoka China aliyekuja kwa miguu na kwa merikebu. Alikuwa ameona masalia mengi matakatifu kabla ya hilo. Lakini hakuja kwa ajili ya masalia. Alikuja kutafuta vitabu, na kwa ajili ya vitabu hivyo alijifunza lugha ngeni uzeeni. Jina lake la utawa ni Faxian. Sisi tunaosoma lugha na tafsiri tuna sababu ya kumjua.

Utoto

Faxian alizaliwa katika karne ya 4, katika jimbo linaloitwa leo Shanxi, kaskazini mwa China, katika ukoo wa Gong. Kaka zake watatu walikufa wangali wadogo. Baba yake, akiogopa kwamba na huyu atamponyoka, alimtoa kwa watawa akiwa na miaka mitatu tu, ingawa alimwacha akae nyumbani kwanza. Mtoto aliugua karibu ya kufa. Wakampeleka katika monasteri, akapona, na tangu hapo hakutaka tena kurudi kwao.

Alipokuwa na miaka kumi baba yake alifariki. Baba yake mdogo alimwomba aache utawa, arudi kumsaidia mama mjane. Mtoto alikataa, akieleza kwamba hakuingia utawani kwa sababu tu ya mapenzi ya baba, bali yeye mwenyewe alitaka kuwa mbali na mambo ya dunia. Muda si mrefu mama naye akafa. Faxian alimzika kwa heshima zote, kisha akarudi kwa watawa wenzake.

Inasimuliwa pia kwamba siku moja alikuwa shambani na manovisi wenzake wakivuna mpunga, wakavamiwa na wezi wenye njaa. Wengine wote walikimbia. Yeye alisimama, akawaambia wezi wachukue wanachotaka, ila wafikiri kama umaskini wao wa leo hautokani na uchoyo wao wa zamani, na kama wizi hautawaongezea shida mbele. Wezi waliacha mpunga wakaenda zao. Tabia hiyo ya kubaki pale wenzake wanapoondoka ndiyo tutakayoiona katika maisha yake yote.

Sababu ya safari

Wakati huo dini ya Buddha ilikuwa imeenea sana China, lakini watawa walikuwa na upungufu mkubwa. Vitabu vya mafundisho vilikuwapo, vingine vikiwa vimetafsiriwa vibaya. Vitabu vya kanuni, vile vinavyoeleza mtawa ale nini, avae nini, aishi vipi na wenzake, na akikosa afanyiwe nini, vilikuwa vichache na vyenye mapengo. Jumuiya kubwa ilikuwa ikiishi bila kuijua vizuri sheria yake yenyewe. Jambo hilo lilimuuma Faxian. Mwaka 399, akiwa na umri wa karibu miaka 60, aliondoka mji wa Chang'an, ambao leo ni Xi'an, pamoja na watawa wanne, kwenda kuitafuta sheria hiyo India. Njiani walijiunga nao wengine watano.

Walivuka jangwa kwa siku 17. Hapakuwa na ndege angani wala mnyama ardhini, na alama za njia zilikuwa mifupa ya wasafiri waliokufa kabla yao. Walipita Khotan, wakapanda milima yenye theluji isiyoyeyuka, wakashuka kwenye magenge ya mto Indus kwa ngazi mamia zilizochongwa katika mwamba, na mwisho wakavuka mto kwa daraja la kamba. Wenzake walizidi kupungua. Mmoja alifariki Purushapura, mji uitwao leo Peshawar, katika monasteri lilimotunzwa bakuli la Buddha. Baadhi yao, wakiisha kuliheshimu bakuli hilo, waliona inatosha, wakarudi China.

Mifupa iliyofungwa kwa mihuri

Katika nchi ya Nagarahara, ambayo leo ni sehemu ya Afghanistan karibu na Jalalabad, Faxian aliona hekalu lililotunza mfupa wa fuvu la Buddha. Mfalme aliogopa usiibiwe. Kwa hiyo alichagua watu wanane wa familia kubwa, kila mmoja akiwa na muhuri wake. Asubuhi wote wanane walifika, kila mtu akautazama muhuri wake kama haujaguswa, ndipo mlango ukafunguliwa. Waliosha mikono kwa maji yenye manukato, wakautoa mfupa na kuuweka juu ya kiti kirefu. Watawa walipanda mnarani wakapiga ngoma kubwa, makombe ya bahari na matoazi. Mfalme aliposikia alikuja kutoa maua na ubani, na baada ya hapo tu ndipo alipokwenda kushughulikia mambo ya serikali.

Faxian aliyaandika haya yote kwa makini na kwa heshima. Lakini katika nchi hizo za kaskazini alikutana na jambo lililomsumbua. Alipouliza kuhusu vitabu vya kanuni, aliambiwa havipo. Mwalimu alimfundisha mwanafunzi kwa mdomo, mwanafunzi akakariri, naye akaja kuwa mwalimu. Mfupa ulikuwa na walinzi wanane na mihuri minane; maneno ya mwenye mfupa yalilindwa na kumbukumbu za wanadamu tu. Kwa watu wa pale hilo halikuwa tatizo, kwa maana mnyororo wa walimu na wanafunzi ulikuwa hai. Kwa mgeni aliyetaka kuyabeba maneno hayo hadi nchi ya mbali, lilikuwa tatizo kubwa.

Basi aliendelea mbele. Katika kuvuka milima ya theluji kusini mwa Nagarahara, upepo wa baridi ulimshika mwenzake Huijing, povu likamtoka mdomoni, akawasihi wengine wamwache waende wasije wakafa wote. Alifia hapo. Faxian alimlilia, kisha akajikaza akasonga mbele.

Miaka mitatu ya kujifunza lugha

Alifika India ya kati pamoja na Daozheng, mwenzake wa mwisho. Walitembelea mahali ambapo Buddha alizaliwa, alipopata nuru, alipofundisha na alipofariki. Mji wa Kapilavastu, kwao Buddha, waliukuta karibu mtupu. Katika monasteri ya Jetavana watawa wenyeji waliwastaajabia, kwa kuwa hawakuwahi kuona wenzao wa China wakifika huko.

Pataliputra, mji uitwao leo Patna, ndipo alipopata alichokuja kutafuta: kitabu kizima cha kanuni cha shule ya Mahasanghika, pamoja na maandiko mengine. Lakini kupata kitabu si sawa na kupata maneno yake. Faxian alikaa hapo miaka mitatu akijifunza Kisanskriti, kukisoma na kukisema, na kunakili kanuni kwa mkono wake. Ni umri ambao watu wengi husubiri wajukuu wawasomee barua.

Hapo pia alimpoteza Daozheng, ila si kwa kifo. Daozheng alipoona jinsi watawa wa India walivyoishi kwa utaratibu, na kukumbuka mapungufu ya kwao, aliamua kubaki. Hakufanya kosa lolote. Kanuni alizozitafuta alizikuta zikiishi mbele ya macho yake, naye akaingia ndani yake. Lakini Faxian aliondoka China kwa nia ya kuzipeleka kanuni kwa wale wasiokuwa nazo. Aliondoka peke yake. Alikaa miaka miwili zaidi bandarini Tamralipti, karibu na bahari, akinakili vitabu na kuchora sanamu, kisha akapanda merikebu ya wafanyabiashara na baada ya siku 14 akafika Sri Lanka.

Katika hekalu la Abhayagiri

Anuradhapura ulikuwa mji wa monasteri kubwa. Abhayagiri, iliyojengwa na mfalme Valagamba katika karne ya 1 kabla ya Kristo, ilikuwa na watawa 5,000 kwa hesabu ya Faxian. Jino la Buddha lilikuwa na hekalu lake mjini; mapokeo ya kisiwa yanasema lililetwa kutoka India katika karne ya 4 na binti mfalme aliyelificha katika nywele zake. Siku kumi kabla ya sikukuu, mtu aliyevaa mavazi ya kifalme alipandishwa juu ya tembo aliyepambwa, akapiga ngoma na kutangaza habari za Buddha na siku ya maandamano. Pande zote mbili za barabara zilipangwa sanamu za maisha 500 ambayo Buddha anasemekana aliyapitia kabla ya maisha yake ya mwisho. Kisha jino lilipitishwa katikati ya umati hadi Abhayagiri, likakaa huko siku 90, watu wakifika usiku na mchana na taa na ubani.

Hata hivyo, kilichomliza Faxian katika hekalu hilo halikuwa jino. Abhayagiri ilikuwa na sanamu ya Buddha ya jiwe la kijani la thamani kubwa. Siku moja, kando ya sanamu hiyo, alimwona mfanyabiashara akitoa sadaka ya upepeo wa hariri nyeupe uliotengenezwa China. Alikuwa ameishi zaidi ya miaka kumi kati ya wageni, akiona milima na mimea asiyoijua, wenzake wakiwa wamekufa au kubaki njiani. Kitu kidogo cha kwao kilimshika ghafla, machozi yakamjaa.

Jambo la pili lilimpata huko huko kisiwani. Alimsikia mtawa kutoka India akikariri, kutoka kiti cha juu, masimulizi marefu kuhusu bakuli la Buddha na nchi litakazopitia katika karne zijazo. Faxian alitaka kuyaandika. Mtawa akamjibu kwamba hayana kitabu. Yeye huyatamka tu kama alivyoyapokea. Faxian aliweka katika maandishi yake yale aliyoweza kuyashika. Msomi wa fasihi simulizi, ambaye amewahi kukaa mbele ya mzee na kujua kwamba hatapata nafasi ya pili, ataelewa hali hiyo bila maelezo.

Alikaa kisiwani miaka miwili, akapata kitabu cha kanuni cha shule ya Mahisasaka na mikusanyo mingine ya mafundisho isiyojulikana China.

Vitabu baharini

Alianza safari ya kurudi katika merikebu yenye watu zaidi ya 200. Dhoruba ilipasua chombo. Mtumbwi uliovutwa nyuma ulikatwa kamba na waliokuwamo, wakiogopa kuzamishwa na wingi wa watu. Wafanyabiashara walitupa bidhaa baharini. Faxian alitupa gudulia lake na bakuli la kunawia, akihofu kwamba baadaye watamnyang'anya vitabu na sanamu na kuvitupa pia. Dhoruba ilidumu siku 13. Walikuta kisiwa, wakaziba tundu, na baada ya siku zaidi ya 90 wakafika nchi aliyoiita Yepoti, ambayo wataalamu wengi huiweka katika visiwa vya Indonesia. Alingoja miezi mitano.

Katika merikebu ya pili dhoruba ilirudi. Wabrahma waliokuwamo walisema mkosi unatokana na mtawa huyo, afadhali wamshushe kisiwani. Mfadhili wake mmoja alitishia kuwashtaki kwa mfalme wa China, wakasita. Walipotea zaidi ya siku 70, maji ya kunywa yakiisha. Mwaka 412 waligusa pwani wasiyoijua. Faxian aliona mboga za majani alizozifahamu, akajua kwamba amefika. Ilikuwa Laoshan, katika jimbo la Shandong.

Kazi ya mwisho

Hakurudi Chang'an. Alikwenda kusini, Jiankang, mji uitwao leo Nanjing, na katika monasteri ya Daochang alifanya kazi na Buddhabhadra, mtawa mwenye asili ya India. Kati ya 416 na 418 walitafsiri kanuni za Mahasanghika katika mafungu 40. Walitafsiri pia kitabu cha siku za mwisho za Buddha, na Faxian mwenyewe akaandika habari za safari yake. Alifariki Jingzhou, akiwa amepita miaka 80. Kitabu cha Mahisasaka alichokitoa Sri Lanka na kukiokoa baharini hakuwahi kukitafsiri. Wengine walikifungua na kukitafsiri karibu mwaka 423, baada ya kifo chake.

Zaidi ya miaka 200 baada yake, Xuanzang naye alitoka China akaenda India kutafuta vitabu. Habari za safari ya Faxian zilitafsiriwa kwa Kifaransa na Abel-Rémusat, zikachapishwa Paris mwaka 1836, miaka minne baada ya mtafsiri huyo kufariki. Zimewasaidia watafiti kutambua magofu ambayo wenyeji walikuwa wamesahau majina yake.

Jino bado liko Kandy, na tembo bado hutembea kwa heshima yake. Faxian aliliheshimu kama waumini wengine. Lakini jino halihitaji mtafsiri. Linapelekwa popote na kutunzwa na wenye mihuri. Neno, likitaka kuvuka mpaka, lazima apatikane mtu atakayekaa miaka mitatu kulijifunza, alibebe lisilowe maji, na mara nyingine aliache mezani kwa atakayekuja nyuma yake kulimalizia.