Maisha ya Robert Smalls, Nahodha na Baba wa Jamaa

Robert Smalls alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 katika mji wa Beaufort, jimbo la South Carolina, Marekani. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa wa nyumbani, na kwa sheria ya nchi ile mtoto wa mtumwa naye alikuwa mtumwa. Alipopata miaka 12 bwana wake alimpeleka Charleston kufanya kazi za ujira, na karibu mshahara wote ulikwenda kwa bwana. Huko bandarini alijifunza kazi ya bahari, hata akajua vema mikondo na mafungu ya pwani ile.

Mwaka 1856 akamwoa Hannah, naye mtumwa. Binti yao alipozaliwa, Robert alifahamu ya kuwa mtoto aweza kuuzwa siku yo yote. Akapatana na bwana wa mkewe kuwakomboa wote wawili kwa dola 800. Lakini kwa mtu aliyeachiwa sehemu ndogo tu ya ujira wake, fedha hizo zilikuwa kama mlima.

Mwaka 1861 vikazuka vita kati ya majimbo ya kusini, yaliyotaka kuushika utumwa, na serikali ya Marekani. Robert akatiwa kushika usukani katika meli ya jeshi la kusini, jina lake Planter. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 maofisa wake watatu walikwenda kulala mjini. Basi Robert na mabaharia wenzake, watumwa kama yeye, wakang'oa nanga, wakapita kuwachukua wake zao na watoto. Walikuwa wamekata shauri ya kuwa wakizuiliwa wataizamisha meli kuliko kurudi utumwani. Robert akavaa kofia ya nahodha, akapiga ishara iliyopasa mbele ya kila ngome, na walinzi wakamwacha apite. Walipokwisha kuivuka mizinga wakatweka shuka nyeupe, wakapokewa na manowari ya serikali.

Angaliweza kupumzika, lakini alirudi vitani akiwa rubani. Tarehe 7 Aprili 1863 alikuwa katika manowari Keokuk, iliyopigwa makombora zaidi ya 90, ikazama kesho yake, naye akaokoka. Baadaye akawa nahodha wa Planter ile ile.

Vita vilipokwisha alikaa Beaufort, katika nyumba ya bwana wake wa zamani, aliyoinunua. Yasimuliwa ya kuwa mke wa bwana yule, amekwisha kuzeeka na akili zimempotea, alirudi akidhani nyumba ni yake bado. Robert akampokea, akampa chumba chake cha kale.

Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na mwaka 1868 akashindania shule za bure kwa watoto wote wa jimbo lake. Akachaguliwa mara tano kuingia Bunge la Marekani. Mwaka 1895 watu weusi waliponyang'anywa haki ya kupiga kura, alisimama barazani kupinga, ijapokuwa alishindwa.

Hannah alifariki mwaka 1883. Robert akaoa tena mwaka 1890, na mke huyu naye akafa mwaka 1895, akimwachia mtoto mdogo wa kiume wa kulea. Mzee akaendelea na kazi ya forodha mpaka 1913, akafariki nyumbani mwake tarehe 23 Februari 1915, mwenye miaka 75.

Ushujaa wake ulianza kwa kuwapenda watu wa nyumbani mwake. Na alipopata nguvu hakuitumia kulipiza kisasi.