McIndoe, Fundi wa Nyuso Zilizoungua

Macho hayana pazia, walisema wazee wetu. Hayo huyajua zaidi mtu aliyeungua uso. Jeraha la mguu hufunikwa kwa kanzu, la mkono kwa shuka, bali uso hauna pa kujificha. Leo, msomaji mpenzi, nataka tumtazame tabibu aliyeutumia umri wake kwa watu hao, marehemu Sir Archibald McIndoe, ambaye kazi yake inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani.

Nimeipita mara nyingi njia itokayo Embu kwenda Meru kwa Chuka, Mlima Kenya ukiwa mkono wa kushoto. Ni nchi ya baridi, na jikoni moto hukaa muda mrefu: mafiga matatu, chungu cha mahindi na maharagwe, taa ya mafuta pembeni, na watoto wamejikunyata wakiota. Moto ulishao ndio huo huo uunguzao. Nimewaona huko, kama nilivyowaona kwetu pwani, watoto wanaotolewa nje jua likishatua, kwa sababu ya makovu. Kando ya njia hiyo iko Chogoria, katika iliyokuwa wilaya ya Meru, ambako tabibu Mskoti aliyeitwa pia Archibald, yaani Archibald Clive Irvine, alianzisha hospitali ya misheni mwaka 1922. Irvine alikaa na wagonjwa wake mlimani. McIndoe alitufikia kwa mzunguko mrefu.

Alizaliwa Dunedin, New Zealand, tarehe 4 Mei 1900. Alisomea udaktari kwao, akaenda Marekani katika hospitali ya Mayo, kisha mwaka 1930 akaingia London na elimu tele lakini hana kazi. Jamaa yake, Harold Gillies, bingwa wa kurekebisha viungo tangu Vita Vikuu vya Kwanza, akamshika mkono na kumfunza ufundi huo.

Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939 alipelekwa hospitali ya Queen Victoria, katika mji mdogo wa East Grinstead. Huko aliletewa marubani vijana walioungua kwa petroli, vidole vimeshikana, kope zimekwisha. Dawa ya siku hizo ilikuwa tanini, ile ile iliyomo katika magome ya mikandaa yetu, yaliyokuwa yakiuzwa ng'ambo kutengenezea ngozi za viatu. Tanini iliukausha moto ukawa ganda gumu, na ganda likavuta vidole na kope. McIndoe aligundua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vyema kuliko walioangukia nchi kavu. Akaipinga tanini, akawalaza wagonjwa katika maji ya chumvi ya uvuguvugu. Mtu wa pwani halimshangazi hilo.

Baada ya hapo ndipo ilipoanza kazi ya ngozi. Mwili huikataa ngozi ya mtu mwingine, kwa hiyo kiraka hukatwa kwa mgonjwa mwenyewe. Kwa pua, aliitumia njia ya Gillies: ngozi ya tumbo au bega huinuliwa, hukunjwa kama bomba, ncha moja ikibaki imeshikana na mwili ili damu iilishe, na ncha ya pili hushonwa mahali papya. Kazi hiyo ilichukua miezi, pengine miaka.

Fauka ya hayo, alijua kuwa sindano peke yake haitoshi. Aliwaendea wenyeji wa East Grinstead, akawaomba wawakaribishe vijana wake majumbani na wasiwakodolee macho. Nao wakafanya hivyo, hata mji ukapata sifa ya mji usiokodoa macho. Mwaka 1941 wagonjwa waliunda klabu wakajiita wanyama wa majaribio. Walifikia 649. Mweka hazina wao alichaguliwa kwa kuwa miguu yake iliungua, asiweze kukimbia na fedha!

Baada ya vita McIndoe alipata shamba mitelemkoni mwa Kilimanjaro. Hapo, mwaka 1956, yeye na wanafunzi wake wawili, Michael Wood wa Nairobi na Mmarekani Tom Rees, walishauriana jinsi ya kumfikia mgonjwa wa mbali kwa ndege. Mwaka 1957 likazaliwa shirika la madaktari warukao, ambalo leo ni Amref. McIndoe alifariki London Aprili 1960, na majivu yake yakawekwa katika kanisa la jeshi la anga, St Clement Danes.

Tatizo moja hakuwahi kuliona likitatuliwa: mtu aliyeungua mwili karibu wote, ngozi ya kiraka atapata wapi? Mwaka 1981 Ioannis Yannas na John Burke wa Boston walitangaza ngozi ya kutengenezwa. Tabaka la chini hutokana na kano za ng'ombe na gegedu la papa, la juu ni silikoni. Chembe za mgonjwa huingia ndani yake na kujenga ngozi mpya, kisha silikoni huondolewa na kutiwa kiraka chembamba. Ilipata idhini Marekani mwaka 1996. Ngozi ya nguruwe nayo hutumiwa kufunika moto kwa muda, kwa hiyo Muislamu ana haki kumuuliza tabibu wake kitambaa hiki kimetoka wapi.

Hata hivyo, vitu hivyo ni ghali, na mtoto wa kijijini Embu au Meru aghalabu hutegemea kiraka cha paja lake mwenyewe, kama marubani wale. Gharama hiyo si jirani wa kuiondoa. Lakini mtoto huyo atakapopita sokoni na uso wake mpya, sisi tulioko kibarazani hatudaiwi fedha. Tunadaiwa salamu, na macho yasiyokodoa.