Luteni Aliyetimiza Ahadi ya Rafiki

Wako watu ambao majina yao hujulikana zaidi na watoto kuliko wakubwa. Mmoja wao ni hayati Clive Staples Lewis. Tulipokuwa vijana wa shule hapa Kansanga, kando ya barabara iendayo Ggaba, vitabu vyake saba vya nchi ya Narnia vilipita mkono hata mkono mpaka majalada yakachakaa. Umeme ulipokatika tulivisoma kwa mwanga wa tadooba. Theluji hatukuwa tumeiona kamwe, lakini simba Aslan tulimwelewa upesi. Jambo moja tu hatukulijua: kwamba mtunzi wa vita vile vya hadithi alikuwa askari wa vita vya kweli. Leo tunapenda kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi habari za maisha yake.

Lewis alizaliwa Belfast, Ireland, tarehe 29 Novemba 1898, baba yake akiwa wakili. Mama yake alifariki mwaka 1908, naye hajatimiza miaka kumi. Utotoni yeye na kaka yake Warren, ambaye baadaye alikuwa afisa wa jeshi, walibuni nchi yao wenyewe yenye wanyama wasemao. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi, ilimjia akilini sura ya kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, akitembea katika msitu wa theluji na mwavuli mkononi. Sura hiyo ilikaa moyoni mwake miaka mingi kabla ya kuwa kitabu.

Mwaka 1917 vita vilikuwa vimepamba moto. Sheria ya kuwaandikisha watu jeshini kwa lazima haikuwahusu wenyeji wa Ireland, lakini Lewis alijitolea. Katika mafunzo huko Oxford alilala chumba kimoja na kijana aitwaye Paddy Moore. Vijana hao wawili wakaahidiana kwamba mmoja wao akifa vitani, atakayebaki amtunze mzazi wa mwenzake.

Lewis, akiwa luteni-usu katika kikosi cha Somerset, alifika mstari wa mbele nchini Ufaransa siku ile ile aliyotimiza miaka 19. Mwezi huo huo, huku kwetu, Wajerumani wa Jenerali von Lettow-Vorbeck walivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, baada ya kupigana na babu zetu waliokuwa Keya. Hivyo vita vilikuwa ni vile vile kimoja.

Mahandakini Lewis alikuta tope, baridi na maradhi. Alikuta pia sajini mmoja mzoefu, Harry Ayres, aliyemwongoza kama baba amwongozavyo mwana. Na yule afisa mchanga hakuona haya kujifunza kwa aliye chini yake kwa cheo. Tarehe 15 Aprili 1918 kombora liliwaangukia. Sajini Ayres akafa, na vipande vya chuma vikamjeruhi Lewis. Kimoja kilibaki kifuani mwake kwa miaka mingi. Na Paddy Moore alikuwa ameuawa mwezi uliotangulia.

Hapo ndipo ahadi ilipodai kulipwa. Lewis alimchukua mama wa rafiki yake pamoja na binti yake mdogo, akaishi nao nyumba moja. Mama huyo hakuwa mwepesi wa kuridhika. Lewis, ambaye tangu 1925 alikuwa mwalimu wa chuo cha Magdalen huko Oxford, mara nyingi aliweka kalamu chini ili kufanya kazi za nyumbani. Mama huyo alipodhoofika uzeeni na kuhamishiwa katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, Lewis alimtembelea kila siku, hata alipofariki mwaka 1951. Ahadi ya vijana wawili wa kambini ilikuwa imetimizwa kwa zaidi ya miaka 30.

Vita vya pili vilipozuka mwaka 1939, Lewis alipokea nyumbani kwake watoto waliohamishwa kutoka London. Usiku alishika zamu ya lindo mjini Oxford, na kadhalika alikwenda kuzungumza na askari wa anga kambini mwao. Kitabu cha kwanza cha Narnia kilitoka mwaka 1950, na cha mwisho mwaka 1956.

Tukivisoma leo, tunamwona yule luteni ndani yake. Kijana Peter, baada ya kumwua mbwamwitu, anakumbushwa kuufuta upanga wake. Mbilikimo Trumpkin analipinga shauri barazani, lakini uamuzi ukishakatwa ni yeye anayejitolea kwenda. Edmund anawasaliti ndugu zake, anasamehewa, kisha anapigana kiume kuliko wengi. Mambo haya hayakutoka katika ndoto tupu.

Lewis alifariki tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy wa Marekani. Hivyo kifo chake hakikusikika sana.

Wengi wetu tumewahi kumwahidi mwenzetu jambo tukiwa lindoni au safarini. Mwenzetu akiisha kuzikwa, bendera ikakunjwa na risasi za heshima zikapigwa, mama yake hurudi nyumbani peke yake. Lewis alimfuata mama huyo mpaka mlangoni, akaingia, akakaa.