Joy Adamson: Mama wa Simba Aliyechora Wazee Wetu

Ukimtajia mgeni jina la Isiolo atakuuliza habari za jua, ngamia na miraa inayouzwa barabarani. Akiwa mtu wa vitabu, atakuuliza habari za simba. Simba huyo ni Elsa, na aliyemfanya ajulikane dunia nzima ni mama mmoja Mzungu aliyeishi hapa hapa kwetu, Joy Adamson. Habari za Elsa karibu kila mtu anazijua. Mimi leo nataka kuwasimulia hasa kazi yake nyingine, ambayo wengi wetu hatuijui ilhali inatuhusu zaidi: kuzunguka Kenya nzima akiwachora watu.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa katika himaya ya Austria na Hungaria. Siku hizi mji huo unaitwa Opava na umo katika nchi ya Cheki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Victoria Gessner, jina la kuvunja ulimi. Wazazi wake walipoachana alilelewa na bibi yake. Akasomea piano, akajaribu uchongaji, akagusa hiki na kile. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarvill, ambaye alikuwa Myahudi. Wakati huo Wanazi walikuwa wamekwisha kushika Ujerumani na hatari ilikuwa inanukia, basi mume akamtuma mkewe atangulie Kenya mwaka 1937, atazame kama wanaweza kuhamia huku.

Kumbe safari ina mambo yake! Melini alikutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea, na mwaka uliofuata akaolewa naye. Bally ndiye aliyempa jina la Joy. Ndiye pia aliyemtia katika kazi ya kuchora, kwa maana alikuwa akienda porini kutafuta maua na mkewe akiyachora. Michoro hiyo ilisifiwa sana, hata mwaka 1947 Joy akapewa nishani ya dhahabu na chama kikuu cha bustani cha Uingereza. Lakini ndoa ya Bally nayo haikudumu. Mwaka 1944 aliolewa mara ya tatu, na bwana wa safari hii ni George Adamson, ofisa wa wanyama wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kituo chake Isiolo. Hivyo ndivyo Joy alivyofika kwetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya Kenya wakiwa wamevaa mavazi yao ya asili, maana ilionekana mavazi hayo yanapotea upesi. Makabila yalianza kama ishirini hivi, kisha yakaongezeka. Kwa miaka kadhaa Joy akawa hana makao. Leo yuko pwani, kesho yuko Ziwa Victoria, mwezi ujao yuko kwa Waturkana. Alilala hemani, njia zenyewe za wakati ule unazijua: mvua ikinyesha gari linakaa matopeni mpaka Mungu apende. Akifika mahali, wakubwa wa wilaya na machifu walimtafutia watu wa kuchora. Mara nyingi kazi ilikuwa si kuchora tu bali kuyapata mapambo kamili, kwa sababu vijana walishazoea shati na kaptura, na vitu vya kale vilikuwa vimebaki kwa wazee wachache. Mtu alikaa kitako saa nyingi bila kutikisika huku Mzungu akimkazia macho. Si mchezo!

Matokeo yake ni mamia ya picha. Nyingine ziliingia Makumbusho ya Nairobi, nyingine Ikulu, na mwaka 1967 alitoa kitabu kikubwa kuhusu watu wa Kenya. Chama chetu cha Kiswahili kilipozuru Makumbusho ya Nairobi, mimi nilisimama mbele ya picha hizo mpaka mwalimu akaniita mara mbili. Ukiziangalia unaona kila ushanga na rangi yake, kila pete ya sikio, kila mkunjo wa ngozi. Wanaume wa Kiturkana walikuwa wakitengeneza nywele kwa udongo, wakazipaka rangi na kuchomeka manyoya ya mbuni. Leo ukitaka kuona kichwa cha namna hiyo Isiolo mjini utazunguka mpaka jioni bila kukiona.

Lakini kuna jambo lililonikera, nami nitalisema. Katika picha nilizoziona, mtu ameandikwa kabila lake na pengine kazi au rika lake, basi. Mganga wa kabila fulani. Mwanamke wa kabila fulani. Jina lake je? Alikuwa mama ya nani? Nilirudi nyumbani na nakala ya picha moja ya mwanamke wa Kiborana, nikampelekea bibi yangu, yaani Akko. Akaiangalia kwa muda mrefu. Hakusema neno juu ya uhodari wa mchoraji. Alinionyesha kwa kidole shanga za shingoni, akaniuliza mama huyu ni wa ukoo gani. Sikuwa na jibu la kumpa, maana halikuandikwa.

Tena picha haina harufu wala ladha. Akko ana gorfa yake, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi, ambacho hufukizwa ndani kwa vijinga vya moto ili maziwa yakae na yapate ile harufu tamu ya moshi. Ana nyirinyiri, nyama iliyoanikwa, ikakatwa vipande vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, nayo hukaa miezi bila kuharibika. Na ana buni. Sisi Waborana tunasema buni huchinjwa! Unaimega ncha ya kila tunda la kahawa kwa meno, kisha unazikaanga ndani ya samli na wazee wanaomba dua ya mvua, amani na mifugo. Msafiri anayetaka kujua watu wa Isiolo akae chini ale hiyo buni kwanza, ndipo atoe rangi zake.

Na hebu tukumbuke jambo hili. Enzi hizo kaskazini yote ilikuwa wilaya zilizofungwa. Mchungaji hakuweza kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali cha serikali. Joy alizunguka atakavyo akikusanya sura za watu ambao wenyewe hawakuruhusiwa kuzunguka nchi yao. Simlaumu yeye kwa sheria ambazo hakuzitunga. Nasema tu kwamba babu zetu nao wangependa kuwaona Wapokomo na Waluo, wakaonja vyakula vyao.

Tarehe 1 Februari 1956, George alikwenda kumsaka simba aliyekuwa ameua mtu wa Kiborana. Simba jike akamrukia, naye akampiga risasi, ndipo akagundua kwamba ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, akalelewa Isiolo, halafu akafundishwa kuwinda na kuachiwa huko Meru. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960, filamu ikafuata 1966, na fedha nyingi zikaingia katika kazi ya kuhifadhi wanyama. Elsa mwenyewe alikufa kwa ugonjwa Januari 1961.

Sifa hizo hazikumlainisha Joy. Walioishi naye wanaeleza kwamba alikuwa mkali, mwepesi wa kugombana na wafanyakazi, na hata na George waliishi mbalimbali miaka mingi. Alikuwa mpole kwa chui kuliko kwa binadamu, hayo ni maoni yangu. Miaka yake ya mwisho alikuwa Shaba, hapa hapa Isiolo, akimlea chui aitwaye Penny. Jioni ya tarehe 3 Januari 1980 alikutwa amekufa karibu na kambi yake. Kwanza ilitangazwa ati ameuawa na simba, dunia nzima ikaamini. Polisi walipochunguza wakaona majeraha ni ya silaha yenye makali, na kijana aliyekuwa ameachishwa kazi naye akapatikana na hatia mwaka 1981. Hakunyongwa kwa sababu ya umri wake. George naye aliuawa na majambazi huko Kora, Agosti 1989.

Majivu ya Joy yalipelekwa Mbuga ya Meru, kwenye makaburi ya Elsa na ya Pippa, duma aliyemlea baadaye. Makaburi hayo yana majina.