William Herschel: mwanamuziki aliyefungua njia ya kupima nyama kwa mwanga

Ukifika bucha hapa Mwanza unatazama mhuri wa mkaguzi, rangi ya nyama na mafuta yake, ndipo unapimiwa kilo yako. Lakini nyama ikishasagwa, ikawa soseji au ikaingia ndani ya sambusa, jicho halisaidii tena. Leo tunamkumbuka mtu ambaye ugunduzi wake unasaidia pale jicho linaposhindwa.

William Herschel alizaliwa Novemba 15, 1738 mjini Hanover, katika Ujerumani ya leo. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa jeshi, naye akafuata njia hiyo. Akiwa na miaka 19 alihamia Uingereza, na baadaye akawa mpiga kinanda wa kanisa mjini Bath. Usiku alitazama nyota kwa darubini alizotengeneza mwenyewe, akisaidiwa na dada yake, Caroline. Machi 13, 1781 aligundua sayari ya Uranus.

Mwaka 1800 alipitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, kioo kinachotenganisha rangi, akapima joto la kila rangi. Kipimajoto kingine alikiweka pembeni ili alinganishe. Alipopima nje kidogo ya nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, joto lilizidi kupanda. Hiyo ndiyo mionzi tunayoiita leo infraredi. Herschel alifariki Agosti 25, 1822, akiwa na miaka 83.

Mionzi hiyo inahusianaje na nyama? Maji, mafuta na protini huifyonza kila kimoja kwa namna yake. Kifaa cha spektroskopia huimulika nyama, hupima mwanga unaorudi, kisha hulinganisha na sampuli zinazojulikana, ziwe za ng'ombe, nguruwe au farasi. Majibu hutoka haraka na nyama haiharibiki. Hata hivyo, kiasi kidogo kilichochanganywa kinaweza kukipita kifaa, hivyo panapokuwa na shaka hupimwa vinasaba. Vinasaba ndivyo vilivyofichua, mwaka 2013 huko Ulaya, nyama ya farasi ndani ya bidhaa zilizoandikwa ng'ombe.

Kwa anayekula halali tu, na kwa mfugaji wa Magu au Misungwi anayeleta ng'ombe halisi sokoni, hili si jambo dogo. Nasi tunakushauri: chagua nyama nzima yenye mhuri, kisha isagwe ukiwa unaona.