Mwalimu wa Muda Aliyewapa Wasichana Mpira

Mapema muhula huu, msichana mmoja wa timu yetu ya mpira wa vikapu aliruka kuudaka mpira, akagongana na mwenziwe, akaanguka vibaya na bega lake likateguka. Alipelekwa hospitalini, akatibiwa, na kwa rehema za Mungu anaendelea vyema. Lakini siku ya pili yake kulizuka katika chumba cha walimu mjadala ambao haujakwisha hadi ninapoyaandika makala haya. Wapo wanaoshikilia kwamba mchezo huo uondolewe, wasichana warudishiwe netiboli ambayo eti ni ya upole, na kipindi cha mazoezi ya viungo kitumiwe kwa marudio ya hisabati. Mimi si kocha mkuu. Ni mwalimu wa Kiswahili niliyeombwa kuisaidia timu pale msaidizi aliyekuwapo alipohamishwa, na sauti ya msaidizi aghalabu haifiki mbali. Ndiyo maana nimeona nimlete kwenu, walimu na wanafunzi wenzangu, mwanamke mmoja aliyefariki zamani, ambaye naye aliingia kazini kwa kushikilia nafasi ya mtu mwingine, na ambaye mchezo wake wa kwanza ulianza kwa bega lililoteguka.

Senda Berenson alizaliwa tarehe 19 Machi 1868 katika kijiji cha Butrimonys nchini Lithuania, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya himaya ya Urusi. Jina la ukoo wao lilikuwa Valvrojenski. Mwaka 1875 familia hiyo ya Kiyahudi ilikuwa imekwisha hamia Boston, Marekani, ambako baba yao alichukua jina la Berenson na kujitafutia riziki kwa uchuuzi. Kaka yake mkubwa, Bernard, alikuja kuwa bingwa wa elimu ya sanaa ya uchoraji ya Italia, akavuma Ulaya na Marekani. Nyumba yao ilikuwa ya vitabu na muziki. Hakuna aliyetarajia kwamba humo angetoka mwalimu wa michezo, seuze binti huyu aliyekuwa dhaifu wa mwili tangu utotoni.

Ndoto yake ilikuwa kupiga piano. Alianza masomo ya muziki, lakini mgongo ukamwuma hata akashindwa kukaa mbele ya kinanda kwa muda mrefu. Mwaka 1890, kwa kushauriwa na bila hamu yoyote, alijiunga na chuo kidogo cha Boston kilichowafunza walimu wa mazoezi ya viungo kwa mtindo wa Sweden, chini ya mwalimu mkali aitwaye Amy Morris Homans. Mwanzoni hakuweza kusimama kwa dakika chache bila kuhitaji kujilaza. Aliyachukia mazoezi yale. Hata hivyo, miezi ilivyopita mwili ulianza kumtii, na yule aliyeingia kama mgonjwa akageuka mwanafunzi mwenye imani kuliko wenzake. Naomba msomaji asilipite jambo hili upesi. Tumezoea kuwakabidhi michezo wale waliozaliwa na nguvu. Huyu alijua kwa mwili wake mwenyewe maana ya kuchoka.

Januari 1892 alipelekwa katika Chuo cha Smith, chuo cha wanawake kilichoko Northampton, jimbo la Massachusetts, kushika zamu ya mwalimu aliyekuwa mgonjwa. Ilikuwa kazi ya muda tu. Alikaa miaka 19.

Zama zile elimu ya juu ya mwanamke ilikuwa bado inashtakiwa. Mwaka 1873 daktari mmoja wa Boston, Edward Clarke, alikuwa ametoa kitabu kilichodai kwamba msichana akisoma kama mvulana, nguvu za mwili wake hupotelea kichwani na afya yake ya uzazi huharibika. Vyuo vya wanawake vilijibu kwa kujenga kumbi za mazoezi ili kuonyesha kwamba wasichana wao walikuwa wazima. Kwa hiyo mwalimu wa viungo, ambaye wasomi walimwona mtu wa daraja la chini, ndiye aliyekuwa amebebeshwa utetezi wa chuo kizima. Shida ni kwamba wanafunzi walichoshwa na mazoezi ya kuinua mikono na kuishusha kwa amri.

Kiasi cha kilomita 30 tu kutoka hapo, katika mji wa Springfield, Mkanada James Naismith alikuwa amebuni mpira wa vikapu Desemba 1891, kwa kupigilia vikapu vya matunda kwenye roshani za ukumbi. (Walimu wa shule za msingi watafurahi kusikia kwamba miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kuucheza walikuwa walimu wa shule ya jirani, na mmoja wa wachezaji wale wa awali, Maude Sherman, akaolewa na Naismith mwaka 1894.) Berenson alisoma habari za mchezo huo, akauona unafaa, akaujaribu na wanafunzi wake.

Machi 1893 wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikutana na wa mwaka wa pili. Ukumbi ulipambwa kwa rangi za madarasa na kelele zilihanikiza. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa wachezaji walivaa suruali pana za mazoezi. Berenson aliurusha mpira juu kuanzisha mchezo. Mkono wa nahodha wa mwaka wa kwanza ulipigwa ukiwa umeinuliwa, na bega lake likateguka papo hapo. Fikiria, msomaji, uzito wa dakika ile. Chuo kinachoshtakiwa kwamba kinawaharibu mabinti za watu, mwalimu kijana asiyekuwa na jina, na msichana anayegugumia kwa maumivu kabla hata ya bao la kwanza. Bega lilirudishwa, mwingine akaingia mahali pake, na mchezo ukaendelea. Mwaka wa pili walishinda kwa mabao 5 kwa 4.

Hakuufunga mchezo. Alibadilisha sheria. Aliugawa uwanja sehemu tatu na kumfungia kila mchezaji katika sehemu yake, akakataza kumpokonya mwenzako mpira mkononi, kuushika kwa zaidi ya sekunde tatu na kuudundisha zaidi ya mara tatu. Mwaka 1899 kamati ilikaa Springfield kuzipanga sheria za wanawake, na Berenson akawa mhariri wa kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1901. Kuanzia 1905 hadi 1917 aliiongoza kamati ya mchezo huo. Shule na vyuo vya Marekani vilimfuata.

Hapa ndipo ninapotofautiana naye kidogo, na kunradhi kwa roho yake. Katika ukumbi ule wa 1893, mstari uliochorwa sakafuni ulikuwa ngao. Bila mstari ule, wazazi na madaktari wangeuzima mchezo kabla haujapata miguu. Lakini mistari ina tabia ya kubaki baada ya sababu yake kuondoka. Yeye mwenyewe alipinga mashindano baina ya chuo na chuo, akihofia kwamba tamaa ya ushindi ingeleta ukali na kuwanyima nafasi wasichana wa kawaida. Vizazi vilivyofuata vilifundishwa kwamba mwanamke hawezi kuukimbia uwanja mzima, ilhali hakuna aliyekuwa amempa nafasi ya kujaribu. Ilifika 1971 ndipo wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani walipoanza kucheza watano watano, uwanja wote. Shule za wasichana za jimbo la Iowa zilishikilia mtindo wa kale hadi 1993.

Na wale wenzangu wanaoisifu netiboli kwa upole wake, nao wana deni katika historia hii. Netiboli ilichipuka Uingereza, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, kutokana na mpira wa vikapu wa wanawake uliovuka bahari. Nilipokuwa msichana niliicheza nikiwa na herufi kifuani iliyoniambia wapi nikanyage na wapi nisikanyage. Niliupenda mchezo ule na bado ninaupenda. Ila nakumbuka nikisimama kwenye mstari, mpira uko hatua mbili mbele yangu, na miguu inawasha.

Mwaka 1911 Berenson aliolewa na Herbert Vaughan Abbott, mwalimu wa Kiingereza wa chuo kile kile, akaacha kazi Smith. Alifundisha katika shule ya wasichana ya Burnham, mjini humo humo, hadi 1921. Alifariki tarehe 16 Februari 1954 huko Santa Barbara, California. Mwaka 1985, miaka 31 baadaye, jina lake liliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa vikapu kule Springfield, na yeye, Margaret Wade na Bertha Teague wakawa wanawake wa kwanza kukubaliwa humo.

Kikao chetu cha walimu kitaendelea Jumatano. Nimeandika mapendekezo mawili, nusu ukurasa tu: kwamba nyufa za uwanja wetu wa saruji zizibwe kabla ya mpira kuchezwa tena, na kwamba wiki mbili za mwanzo za kila muhula zitumiwe kuwafunza wasichana namna ya kuruka na kutua. Kocha mkuu ameniunga mkono. Wa hisabati amenyamaza. Jana yule msichana alinijia, mkono ukiwa ungali umefungwa kitambaa shingoni, akaniuliza iwapo nafasi yake katika timu ingalipo. Nilimwambia ipo.